Rafu ndogo ya mvinyo kwa mbao zilizotumika: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Vipimo vilivyomo humu ni vya rafu ya chupa 6 inayosimama mezani au sakafuni. Ukiielewa hiyo, ya chupa 12 ni kurudia kazi ileile. Sehemu ndefu kuliko zote ni ile ya kuchagua mbao, maana kiungo kilichokosewa hurekebishika lakini ubao wenye sumu haurekebishiki.

## Kabla ya kuanza

Kwa nini chupa za mvinyo zilazwe?

Kwa sababu ya kizibo. Kizibo cha asili huchongwa kutoka gome la mti wa jamii ya mwaloni, na kikikaa kikavu muda mrefu hunywea, hewa ikapenya na mvinyo ukaanza kuchacha. Chupa ikilala, mvinyo hukigusa kizibo na kukiweka na unyevu. Chupa yenye kifuniko cha kuzungusha haina haja hiyo. Unaweza kuilaza kwa sababu ya nafasi au mwonekano tu.

Mimi si fundi. Kazi hii nitaiweza?

Ndiyo, ukiweza kupima, kukata ubao mraba na kutoboa tundu wima. Hakuna kiungo kigumu. Kinachowashinda wengi ni uvumilivu wa kuandaa mbao: kung'oa misumari, kusubiri zikauke, kuzinyoosha. Hesabu kwamba maandalizi yatakula muda mrefu kuliko kuunganisha.

Nahitaji zana gani?

Msumeno wa mkono au wa umeme, futi, skwea, drili, nyundo ya makucha, koleo, mtaimbo mdogo, bisibisi, randa, msasa, na klempu mbili au zaidi. Kifaa pekee ambacho huenda huna ni biti pana za kutobolea matundu makubwa, zile zenye umbo la kikombe na meno ukingoni: moja ya mm 90 na nyingine ya mm 35. Ukizikosa, chora mviringo kwa bikari ukate kwa jigso, kisha ulainishe kwa tupa ya nusu duara.

Ongeza miwani ya kukinga macho na barakoa nzuri ya vumbi. Vumbi la mbao limo katika orodha ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani ya vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na mbao za zamani huongeza vumbi la vitu ambavyo huwezi hata kuvitaja.

## Kuchagua mbao

Mbao zipi zilizotumika zinafaa?

Fanicha iliyovunjika, vitanda vya zamani, rafu za vitabu, mbao za sakafu za ndani, na paleti zenye mhuri unaofaa. Mbao zilizoishi ndani ya nyumba ni bora kuliko zilizoishi nje, kwa kuwa mara nyingi hazikuhitaji dawa kali za kuzuia kuoza.

Mbao za nguzo za umeme, mataruma ya reli, uzio wa zamani na vibaraza vya nje ziache, hata ukipewa bure. Mataruma na nguzo nyingi zililowekwa kreosoti, ule weusi unaonuka lami. Mbao nyingi za nje za miaka iliyopita zilitiwa dawa ya kromu, shaba na aseniki, ambayo huacha rangi ya kijani iliyofifia. Huko Marekani watengenezaji waliacha kuitumia kwenye mbao za makazi mwishoni mwa 2003, ila mbao zenyewe bado ziko mitaani. Usizikate, usizipige msasa, na vipande vyake usivitie motoni: aseniki haiungui, hubaki kwenye moshi na jivu.

Nitajuaje kama paleti ni salama?

Tafuta mhuri uliochomwa au kupigwa ubavuni. Paleti za biashara ya kimataifa hufuata kiwango kiitwacho ISPM 15, na herufi zake zinasoma hivi: HT maana yake mbao zilipashwa joto hadi kiini kikafika nyuzi 56 za Selsiasi kwa dakika 30 mfululizo. DH ni joto pia, ila la mawimbi ya umeme. MB ni gesi ya methili bromaidi, dawa ya kufukizia wadudu. Chukua HT au DH, acha MB. DB inaeleza tu kwamba magome yaliondolewa.

Usisahau kwamba mhuri unazungumzia siku paleti ilipotengenezwa. Hausemi ni kemikali gani ilimwagikia baadaye. Paleti yenye doa la mafuta, rangi isiyoeleweka au harufu yoyote isiyo ya mbao haifai, hata mhuri wake ukiwa safi kiasi gani. Isiyo na mhuri huenda ilizunguka ndani ya nchi tu na haina neno, lakini huna namna ya kuthibitisha.

Ni kweli kwamba mbao zinaweza kuharibu mvinyo wenyewe?

Kweli, na watu wengi wanaotengeneza rafu hizi hawajawahi kulisikia jambo hili. Ile harufu ya uvundo, kama gazeti lililolowa maji, ambayo mara nyingine hutoka kwenye chupa, husababishwa hasa na kemikali iitwayo TCA. Kiasi cha nanogramu chache kwa lita kinatosha pua kuinasa. Aghalabu lawama hupewa kizibo, lakini TCA na ndugu zake huzaliwa pia kwenye mbao: kuvu wanapokutana na dawa za mbao za jamii ya klorofenoli, huzigeuza kuwa kemikali hizo, nazo husafiri hewani. Kuna maghala ya mvinyo yaliyowahi kuchafuliwa hivyo na mbao za paa au paleti zake zenyewe.

Kwa rafu ya chupa sita sebuleni hatari ni ndogo, ila kinga yake haina gharama. Kwanza, ubao unaonuka uvundo usiingie kwenye kazi. Pili, usisafishe mbao kwa dawa ya klorini, ile ya kung'arishia nguo nyeupe, kwa sababu klorini ikikutana na mbao inaweza kutengeneza hizohizo klorofenoli. Tumia maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo na brashi ngumu, kisha anika upesi.

Ubao una rangi ya zamani. Niikwangue?

Kama hujui umri wake, ichukulie kuwa ina risasi. Marekani ilipiga marufuku rangi ya risasi kwa nyumba mwaka 1978, na baadhi ya nchi zilifuata baadaye sana. Kupiga msasa rangi ya namna hiyo kunatawanya vumbi la sumu nyumbani kwako, na wanaoumia zaidi ni watoto. Kuna vifaa vidogo vya kupimia risasi kwenye rangi. Bila kipimo, tafuta ubao mwingine. Rangi nzuri ya kuchubuka huwavutia watu, naelewa, lakini mwonekano huo unaweza kuupata kwa rangi mpya na msasa wa dakika kumi.

Kuna vitundu vidogo kwenye ubao. Ni wadudu?

Huenda ni bungua. Gonga ubao juu ya karatasi nyeupe. Ukidondoka unga mpya laini, wadudu bado wamo ndani. Vitundu vikavu, vyeusi kwa uzee na visivyotoa unga kwa kawaida ni makovu ya zamani. Ubao wenye wadudu hai usiuingize ndani hata kwa usiku mmoja, maana watahamia kwenye milango na fanicha zako. Mbao zilizoliwa na mchwa tupa moja kwa moja: kwa nje huonekana nzima, kumbe ndani ni matobo.

Mbao ngumu au laini?

Zote zinafaa. Chupa ya mililita 750 ikiwa imejaa ina uzito wa kilo 1.2 hadi 1.5 hivi, kwa hiyo rafu nzima haibebi hata kilo 10. Msonobari wa paleti unatosha kabisa. Mbao ngumu kama mvule, msaji au mwaloni hudumu na kupendeza, ila zinakula meno ya msumeno na zinahitaji tundu la kutangulia kwa kila skrubu. Usichanganye ngumu na laini kwenye papi moja, yaani kipande chembamba cha mbao ambacho chupa hulala juu yake.

## Kuandaa mbao

Nawezaje kuvunja paleti bila kupasua mbao?

Usizing'oe kwa nguvu za mtaimbo peke yake. Misumari ya paleti mara nyingi ina mapindo au mikwaruzo ya kuishika mbao, nayo hupasua ncha za ubao kabla ya kutoka. Njia tulivu ni kupenyeza msumeno wenye bleidi ya kukatia chuma kati ya ubao na boriti, ukakata misumari palepale. Vichwa vinabaki kwenye ubao, nawe unavisukuma nje kwa kigongeo. Ncha zikiwa zimeshapasuka, kata sm 5 kila upande uendelee.

Kabla ya randa au msumeno, pitisha sumaku yenye nguvu juu ya kila ubao, pande zote mbili. Msumari mmoja uliojificha unaharibu bleidi, na kwa msumeno wa umeme unaweza kurusha kipande cha chuma usoni.

Mbao zikae muda gani ndani kabla ya kukatwa?

Wiki mbili ni wastani mzuri kwa mbao za unene wa mm 22, zikiwa zimepangwa kwa vijiti katikati ili hewa ipite pande zote. Ukiwa na kipima unyevu, subiri hadi kisome asilimia 8 hadi 12. Usipokuwa nacho, pima uzito wa ubao mmoja kila baada ya siku chache, na ukiacha kupungua basi umetulia. Ukiharakisha hapa, rafu itajipinda ikiwa tayari imebeba chupa.

Ubao umepinda. Unafaa kitu?

Uliopinda kwa urefu kama upinde, ukate vipande vifupi na mpindo utapungua wenyewe: rafu hii haihitaji kipande kirefu kuliko mm 350. Uliojisokota, yaani kona moja imeinuka ukiulaza mezani, ni msumbufu. Utumie kwa vipande vidogo tu.

Nifute makovu yote ya zamani?

Hapana, vinginevyo ungenunua mbao mpya. Piga randa sehemu zitakazopakwa gundi na zitakazogusa chupa. Sehemu nyingine pitisha msasa namba 80 kuondoa vibanzi, kisha 120, na wakati mwingine hapo panatosha. Matundu ya misumari na alama za kutu yaache. Mimi hata mhuri wa paleti ningeuacha uonekane pembeni.

## Vipimo na ujenzi

Vipimo vya rafu ya chupa 6 ni vipi?

Pima kwanza chupa unazonunua kweli. Chupa ya kawaida yenye mabega, ile ya mtindo wa Bordeaux, ina kipenyo cha mm 76 hivi na urefu wa mm 300. Ya mtindo wa Burgundy, yenye mabega yanayoteremka taratibu, hufika mm 82 au zaidi. Ya shampeni hukaribia mm 90.

Kila chupa hulala juu ya papi mbili: papi ya tumbo na papi ya shingo. Safu ni mbili, chupa tatu kila safu. Mbao zinazohitajika, zote za unene wa mm 22:

- vipande 2 vya papi, mm 340 kwa 140
- nguzo 4, mm 350 kwa 70
- vipande vya kuvuka 4, mm 240 kwa 70
- vijiti 8 vya kuegemeza papi, mm 60 kwa 22

Papi nazikataje?

Hapa kuna ujanja unaookoa kazi nyingi. Usikate nusu duara moja moja. Piga mstari katikati ya kipande cha papi, kwa urefu, na uweke alama tatu: mm 60, 170 na 280 kutoka ncha moja. Kwenye kipande cha kwanza toboa matundu ya mm 90, kwenye cha pili ya mm 35. Kisha pasua kila kipande kwa kufuata mstari uleule wa katikati. Umepata papi nne zenye nusu duara zinazolingana: mbili za tumbo, mbili za shingo.

Toboa hadi ncha ya kati ya biti ichungulie upande wa pili, geuza ubao, umalizie kutoka huko. Ukitoboa moja kwa moja, upande wa chini utachanika. Baina ya tundu na tundu panabaki mm 20 tu za mbao, na nyuzi zake ni fupi, kwa hiyo usipange kifundo cha mbao kiangukie hapo.

Papi zikae wapi?

Tengeneza fremu mbili za pembeni: nguzo mbili, na vipande viwili vya kuvuka, kimoja juu kabisa na kimoja chini, kwa kiungo cha nusu kwa nusu (kila ubao huchongwa nusu ya unene wake pale zinapokutana) ili unene ubaki mm 22. Papi ya tumbo na ya shingo ziachane mm 185 kati kwa kati. Ukingo wa chini wa papi ya tumbo uwe mm 60 kutoka sakafuni kwa safu ya kwanza, na mm 190 kwa safu ya pili.

Papi ya shingo ishushe mm 4 hadi 5 chini ya mwenzake. Sababu ni kwamba chupa ya mm 76 huzama kwenye nusu duara ya mm 90 zaidi kuliko shingo inavyozama kwenye ile ya mm 35. Papi zikiwa sawa, mdomo utainuka kidogo na kizibo kitaachana na mvinyo.

Shingo zitazame mbele au nyuma?

Kwa vipimo hivi, papi ya tumbo iwe mbele. Unasukuma chupa shingo kwanza, nawe unabaki ukiona vitako. Ukitaka shingo mbele, chupa italazimika kuingia kitako kwanza juu ya papi ya shingo, ambayo tundu lake ni dogo, na itagonga papi ya juu. Katika hali hiyo ongeza umbali wa safu hadi mm 160 badala ya 130, na urefu wa nguzo kwa kiasi hichohicho. Michoro mingi haisemi neno juu ya hili, mtu akagundua rafu ikiwa imeshapakwa vanishi.

Gundi au skrubu?

Zote mbili. Gundi nyeupe ya mbao ikishika vizuri huwa imara kuliko mbao zenyewe, lakini haishiki kwenye uso wa zamani uliokakamaa na kujaa uchafu. Ndiyo maana ya randa iliyotajwa juu. Mbao zenye mafuta ya asili, kama msaji, zifute kwa spiriti dakika chache kabla ya kupaka. Bana kwa klempu saa moja na usiipe rafu mzigo kabla ya saa 24.

Skrubu inayoingia kwenye ncha ya papi haina mshiko mkubwa, kwa kuwa inapita sambamba na nyuzi. Kazi ya vile vijiti nane ni hiyo: vigundishwe na kuskrubiwa kwenye nguzo, kisha papi ikae juu yake. Skrubu ya kutoka nje inabaki kuizuia isisogee tu.

Rafu inayumba. Nifanyeje?

Iweke juu ya meza iliyonyooka na utafute mguu unaoelea. Pima pengo, kisha punguza miguu mitatu mingine kwa kiasi hicho, au bandika kipande chembamba cha ngozi chini ya ule mfupi. Kama inayumba kwa upande na si kwa miguu, fremu hazina kitu cha kuzizuia zisilale. Ongeza ubao mmoja mpana nyuma, chini ya papi ya shingo, na tatizo litaisha.

## Kumalizia na kuweka

Nipake vanishi, mafuta au nta?

Mafuta ya kitani yaliyochemshwa, kisha nta, huzipendeza sana mbao za zamani, na ni rahisi kurudia. Vanishi hulinda zaidi dhidi ya unyevu lakini kwenye nusu duara hunata na kukwanguka. Chochote utakachochagua, rafu ikae sehemu yenye hewa hadi harufu iishe kabisa kabla ya kupanga chupa.

Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani huweza kushika moto vyenyewe vikikunjwa au kurundikwa. Vitandaze nje kimoja kimoja hadi vikauke, au vizamishe kwenye ndoo ya maji.

Rafu niiweke wapi?

Mahali penye kivuli na joto lisilopandapanda. Kwa kuhifadhi miaka mingi hupendekezwa nyuzi 12 hadi 13 na unyevu wa hewa wa asilimia 60 hadi 70. Kwa chupa zitakazonyweka ndani ya miezi michache, epuka tu jua, jiko na juu ya friji. Acha mm 40 kati ya rafu na ukuta, kwa kuwa midomo ya chupa hutokeza nyuma ya fremu.

## Hali zisizo za kawaida

Chupa za shampeni zitaingia?

Nyingi ndiyo. Ikizidi mm 90 kidogo, itaketi juu ya kingo za nusu duara badala ya kuzama, na haitaanguka. Shingo zake ni nene, basi kama unazinunua mara kwa mara tumia biti za mm 95 na 40, na umbali wa matundu uongeze hadi mm 115.

Na chupa kubwa za lita 1.5?

Hizo zina kipenyo kinachozidi mm 100, na uzito unaokaribia mara mbili. Usizilazimishe. Ziwekee papi zake zenye matundu mawili badala ya matatu, au zilaze juu ya rafu ukiongeza ubao wa kufunika na papi nyembamba ya kuzuia zisibingirike.

Naweza kuitundika ukutani?

Unaweza, kwa kuongeza ubao wa mgongo uliogundishwa na kuskrubiwa kwenye nguzo zote mbili za nyuma. Kwenye ukuta wa matofali au zege tumia plagi na skrubu ndefu zisizopungua nne. Kwenye ukuta wa mbao zilizofunikwa bodi, skrubu lazima ziingie kwenye nguzo za ndani. Hapo ulinganifu wa pimamaji ni muhimu, na ile nafasi ya mm 40 ya midomo ya chupa ipatikane kwa vipande vya kutenga kati ya mgongo na nguzo.

Nina mbao zilizookotwa ufukweni. Zinafaa?

Kwa urembo ndiyo, kwa kubeba mzigo mara chache. Chumvi iliyomo huvuta unyevu na kula skrubu za kawaida. Zilowekwe kwenye maji baridi yanayobadilishwa mara kadhaa, zikaushwe taratibu kivulini, na skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu. Hujui zilitoka kwenye gati au mashua iliyopakwa nini? Rejea swali la harufu na lile la rangi ya zamani.

Papi imepata ufa baada ya miezi kadhaa. Niitupe?

Tazama ufa umeelekea wapi. Ukienda sambamba na urefu wa papi na haufiki kwenye nusu duara, penyeza gundi kwa sindano ya plastiki, bana usiku kucha, endelea kuitumia. Ukiwa umekata lile jino la mbao lililo kati ya matundu mawili, gundi peke yake haitoshi: toboa kutoka juu kwenda chini, ingiza kigingi chembamba cha mbao chenye gundi, ukate kilichozidi. Papi ikivunjika kabisa, legeza skrubu mbili na uichomoe. Hakikisha tu hukuigundisha kwenye vijiti vyake vya kuegemea.